Pikapu za hambaka kwa sauti ya Slash: Alnico II Pro, ile yenye jina lake, au Burstbucker?

Nyuzi Sita (mwanzilishi wa uzi):
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina gita la umeme lenye umbo la Les Paul (modeli maarufu ya Gibson), ambalo nimelipiga kanisani na katika bendi ndogo kwa miaka minne, na sauti ninayoitamani tangu siku ya kwanza ni ile ya Slash, mpiga gita wa Guns N' Roses, katika albamu yao ya kwanza ya mwaka 1987: nene lakini si nzito, na yenye kuimba noti inaposhikiliwa. Pikapu nilizo nazo (vinasa sauti vya nyuzi, aina ya hambaka, yaani za koili mbili) zina sumaku za seramiki, na nilipoipima kwa mita ya darajani, iliyo karibu na daraja la nyuzi, nilipata upinzani wa kiloomu 15. Nikiongeza gaini (nguvu ya kukoroma kwa amplifaya), kodi yoyote ya nyuzi sita, yaani noti zikipigwa pamoja, inageuka uji. Nimeweka akiba ya jozi moja tu, na kwa gharama za kuagiza kutoka nje siwezi kukosea mara mbili. Ninasita kati ya Seymour Duncan Alnico II Pro (APH-1), ile yenye jina la Slash (APH-2), na Burstbucker ya Gibson. Naomba ushauri wa waliozipiga.

Koili Mbili:
Ndugu, ni vyema kwanza ujue sauti hiyo ilikotoka. Gita alilorekodia Slash halikutoka kiwandani kwa Gibson; lilikuwa nakala ya Les Paul iliyochongwa na fundi Kris Derrig wa California, nalo lilifungwa Alnico II Pro, pikapu ambayo mtu yeyote angeweza kuinunua. Pikapu hiyo inafuata nyayo za hambaka aliyoibuni Seth Lover akiwa Gibson katikati ya miaka ya 1950, yenye koili mbili zilizounganishwa kinyume na kupewa ncha tofauti za sumaku, ili mvumo wa umeme, ambao kwetu ni wa hezi 50, ufutwe koili moja dhidi ya nyingine, huku mtikisiko wa nyuzi ukijumlishwa.

Alnico II ni sumaku dhaifu kuliko Alnico V, na dhaifu zaidi ikilinganishwa na seramiki, lakini utamu wake uko hapo hapo: mshindo wa kwanza wa kipiku (kibao cha kupigia nyuzi) unalainika, sauti za juu hazichomi masikio, na noti inaonekana kama inavimba baada ya kupigwa. Ya darajani ina upinzani wa karibu kiloomu 8, yaani nusu ya hiyo yako. Nguvu unayoisikia katika albamu ilitoka kwenye amplifaya ya Marshall iliyofunguliwa mpaka ikakoroma yenyewe, kwa hiyo usiitafute kwenye pikapu. Mimi ningechukua APH-1.

Mpiga Solo:
Historia hiyo naikubali, lakini hitimisho silikubali. Slash alipoendelea na Les Paul za Gibson alitaka zikaribie sauti ya lile gita la Derrig, ndipo Seymour Duncan wakamtengenezea APH-2, yenye sumaku ile ile lakini mizunguko ya waya iliyoongezwa kidogo. Gita lako nalo ni la kiwandani, hivyo hoja hiyo inakuhusu moja kwa moja. Kuhusu Burstbucker, zile za awali pia zina Alnico II, lakini koili zake mbili hazilingani kwa mizunguko, jambo linalozipa makali zaidi juu. Ni sauti nzuri sana kwa bluzi, ila siyo hii unayoitafuta.

Tafadhali tuambie unatumia amplifaya gani.

Bisibisi:
Kabla ya kuagiza chochote, shusha pikapu ulizo nazo. Bana uzi kwenye freti (kijichuma cha shingo ya gita) ya mwisho, upime nafasi kati ya uzi na skrubu ya pikapu, kisha ushushe mpaka milimita 3. Sumaku ya seramiki iliyokaribia nyuzi hupeleka nguvu nyingi mno kwenye amplifaya, na huo uji wako huenda unaanzia hapo. Shusha pia tuni nusu toni, kama anavyofanya Slash, na ufunge nyuzi zinazoanzia unene wa 11 (elfu za inchi), kwa sababu nyuzi nyembamba zikilegezwa hivyo hupoteza mwili.

Nyuzi Sita:
Nawashukuru sana. Amplifaya yangu ni ndogo, ya transista, wati 15. Jana usiku nilipima nikakuta pikapu ya darajani iko milimita 1 tu kutoka kwenye uzi. Nimeishusha hadi 3, na sasa nikipiga kodi ya A ndogo nasikia kila noti mahali pake. Hata hivyo noti za juu kwenye uzi wa kwanza bado zinachoma, hata nikirudisha kitufe cha toni hadi 6. Je, nikinunua ya darajani peke yake, ya shingoni ya sasa itapatana nayo?

Koili Mbili:
Kwa amplifaya hiyo nabadilisha ushauri wangu: haitakoroma kama Marshall, kwa hiyo mizunguko ya ziada ya APH-2 itakusaidia. Lakini nunua jozi. Slash hupiga solo zake nyingi kwenye pikapu ya shingoni, na nusu ya sauti unayoipenda iko huko. Isitoshe, pikapu za watengenezaji wawili zinaweza kupingana kifazi (mawimbi ya moja yakifuta ya nyingine), na ukiweka swichi katikati sauti inakonda kama ya redio ndogo, mpaka fundi abadilishe nyaya za mojawapo.

Mpiga Solo:
Zikifika, zipime kwa mita kabla ya kuzilehemu. Mimi niliwahi kuuziwa dukani pikapu yenye jina kubwa kwenye boksi, na mita ikasoma kiloomu 13 pale palipopaswa kuwa na karibu 8. Ilikuwa bado haijafungwa, kwa hiyo niliirudisha siku hiyo hiyo.

Nyuzi Sita:
Nimeagiza jozi ya APH-2 leo asubuhi. Nitarekodi gita kwanza na pikapu hizi za zamani, kwa amplifaya na nyuzi zile zile, ili zitakapofika niwawekee hapa sauti zote mbili.