Mtetezi wa wahamiaji akiwa mbunge: kapanda daraja au kahama kambi?

Mleta mada

Wadau, kuna hoja kwamba mwanaharakati akishaingia siasa amekwisha, kawa walewale. Mfano unaotolewa ni Pramila Jayapal, mbunge wa Seattle, Marekani. Mimi mfano huohuo ndio unanifanya nikatae.

Kwa wasiomjua: ni mzaliwa wa India, aliingia Marekani mwaka 1982 akiwa na miaka 16, uraia akaupata 2000. Baada ya Septemba 11, 2001, Waarabu, Waislamu na watu wa Asia Kusini wakawa wanashambuliwa mitaani na kuandamwa na maofisa wa uhamiaji. Akaanzisha Hate Free Zone, shirika ambalo tangu 2008 linaitwa OneAmerica.

Kazi iliyolipatia shirika jina ni ya kuwatetea Wasomali. Serikali ya Bush ilitaka kuwarudisha watu kwenye nchi isiyo hata na serikali ya kuwapokea. Shirika na mawakili wakaenda mahakamani, na mwaka 2003 jaji wa Seattle akazuia kufukuzwa kwa Wasomali wapatao 4,000 nchi nzima. Shangwe! Januari 2005, katika kesi nyingine ya Msomali wa Minnesota, Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba sheria inaruhusu mtu arudishwe hata kama huko aendako hakuna serikali ya kuridhia. Kinga ya wale 4,000 ikaporomoka.

Hapo ndipo nilipo. Jaji husoma kilichoandikwa, na wanaoandika wako bungeni. Unaweza kuwajazia watu fomu miaka 20, fomu yenyewe wanaitunga wengine. Jayapal aliachia uongozi wa shirika 2012, akachaguliwa Seneti ya jimbo la Washington 2014, kisha Baraza la Wawakilishi la Marekani 2016.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeishia 2016 makusudi. Tangu aapishwe Januari 2017, sheria gani kubwa imewapa wahamiaji hati za kuishi kihalali? Ya mwisho kuwafikia mamilioni ni ya 1986, enzi za Reagan! Muswada wa vijana waliopelekwa kule wakiwa watoto ulipita Baraza la Wawakilishi 2019 na 2021, mara zote mbili ukafia Seneti. Sasa tazama 2012: vijana haohao, hawana hati wala kura, waliandamana hadi kukalia ofisi ya kampeni ya Obama, naye akatangaza mpango wa kuwakinga wasifukuzwe. Nani kati yao alikuwa mbunge?

Mleta mada

Hakuna, nakubali. Ila mpango ule ulitoka kwenye kalamu ya rais, na 2017 Trump akatangaza kuufuta kwa kalamu hiyohiyo. Mahakama ndizo zilizouokoa, kwa muda. Ni yaleyale ya Wasomali.

Mchangiaji wa pili

Mnasahau Juni 2018. Familia zilipokuwa zinatenganishwa mpakani, Jayapal aliingia gereza la serikali kuu la SeaTac akaonana na akina mama waliopokonywa watoto. Angekuwa mwanaharakati tu angeishia getini na bango lake. Mwezi huohuo akakamatwa pamoja na wanawake wengine mamia walioketi chini kwenye jengo la Seneti kupinga sera hiyo. Kwa hiyo kuhama kambi, hapana.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Aliyepokea barua ya kufukuzwa Ijumaa jioni hamtafuti mbunge, anamtafuta mtu wa kupokea simu. Jayapal aliondoka akiacha shirika lenye watu. Mashirika mengi ya aina hii ni mtu mmoja na begi la mafaili. Huyo naye mnamwambia akagombee?