Tupeane uzoefu: Yai la kuku asiye na jogoo, linatoa kifaranga?

Wafugaji, bado kuna watu wanaapa kwamba bila jogoo kuku hatagi. Leteni mliyoyaona bandani, siyo ya kuambiwa. Naanza mimi: majike wangu wanataga bila jogoo, mayai ni mazuri kula, ila kuyaatamisha ni kumchosha kuku bure.

kuku_mweusi
Kweli, ila msimwondoe jogoo mkadhani habari yake imeisha siku hiyo hiyo. Nilimuuza wangu, wiki iliyofuata nikamwekea mayai jike aliyetaka kuatamia, na vifaranga walitoka. Jike huhifadhi mbegu za jogoo kwenye vijifuko ndani ya mrija wa uzazi, zikakaa hai wiki mbili, pengine tatu. Kwa hiyo ukibadilisha jogoo ili upate aina nyingine, subiri kama wiki tatu kwanza, la sivyo utalea watoto wa yule aliyekwenda.

mgeni_bandani
Samahani, mbegu inapitaje kwenye ganda?

kiini
Haipiti, ndugu. Kiini kikishatoka kwenye ovari, mbegu hukikuta mwanzoni kabisa mwa mrija, kabla ute haujakizunguka. Halafu ndipo unakuja ute, utando, na mwisho ganda, ambalo peke yake huchukua saa 20 hivi. Yai zima ni kama saa 25. Ndiyo maana kuku akipandwa jioni, yai la kesho asubuhi halihusiki.

fundi_tochi
Mimi huvunja moja la kula nikaangalia doa jeupe juu ya kiini. Lisilo na mbegu doa lake ni dogo na kingo zake hazieleweki. Lenye mbegu lina pete ya duara. Tone la damu lisiwadanganye, hicho ni kimshipa kilichopasuka kiini kikitoka. Yaliyoko kwenye mashine ya kutotolea nayamulika kwa tochi gizani siku ya 7: lenye uhai lina mishipa iliyotawanyika kama mizizi, lisilo na mbegu linapitisha mwanga tu.

kuku_mweusi
Na mbegu siyo kifaranga. Yai likilala zaidi ya wiki moja kabla ya kuwekwa, nafasi ya kutoa kifaranga inapungua. Kwenye mashine yenye feni mimi nashika nyuzi 37.5, nageuza mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18, kisha siligusi tena. Siku ya 21 wanadonoa.

mgeni_bandani
Jogoo ninaye mmoja, majike zaidi ya ishirini, na mayai mengi yanapitisha mwanga tu. Ni mzee?

kiini
Huenda siyo uzee. Jogoo mmoja kwa majike kumi hivi inatosha. Halafu mchunguze: majogoo wana upendeleo. Wangu alikuwa na vipenzi vyake, migongo imenyonyoka manyoya, wengine hata hawatazami.

mgeni_bandani
Hahaha! Kumbe ndiyo maana yule wa kijivu mgongo umebaki ngozi tupu. Naongeza jogoo.