Nataka kufunga swichi ya kukata betri kwenye karavani ya kuvuta, nikate chanya au hasi?

Msafiri_12V
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa anayejua umeme wa karavani. Ninayo ya kuvuta na gari, ekseli mbili, breki zake ni za umeme, betri ni moja tu ya asidi, volti 12 ampea-saa 100, imekaa mbele pale juu ya chesisi karibu na mitungi ya gesi. Tatizo nikiipaki wiki tatu bila kuitumia nikirudi nakuta betri imelala kabisa, na sio kwamba nimesahau taa, nimezunguka nimezima kila kitu mpaka redio na pampu ya maji. Juzi nimepima nimekuta volti 10.9. Hii ni betri ya pili inaniharibikia hivihivi na kwakweli inaniuma, ya kwanza haikufikisha hata miaka miwili.

Sasa nimeamua nifunge swichi ya kukata. Rafiki yangu fundi wa magari kaniambia nikate hasi ndio salama, ila picha nyingi ninazoziona wamekata chanya. Kingine kinachonichanganya, kwenye kichwa cha chanya nimekuta waya tatu zimebanwa na nati moja, mmoja mnene mweusi na mbili nyembamba, kwenye hasi kuna mweupe. Mweusi kwenye chanya?? Kuna mtu alikosea kabla sijainunua au ndivyo ilivyo? Alafu nina mpango wa kuweka paneli ya sola juu baadaye, ningependa iendelee kuchaji hata nikikata. Nipeni muongozo nisije nikaunguza kitu.

MzeeWaTrela
Pole sana mkuu. Ukishazima kila kitu bado kuna vitu havina swichi kabisa, kengele ya gesi ile iliyoko chini karibu na sakafu inakula muda wote, bodi ya friji nayo, kumbukumbu ya redio nayo. Fanya hivi kabla ya yote, fungua waya wa hasi, weka mita katikati ya huo waya na kichwa cha betri, mita iwe kwenye ampea 10, soma. Ukikuta 0.2 utaona ni kidogo, ila zidisha kwa masaa 24 unapata ampea-saa 4.8 kwa siku, siku 21 zikiisha ni 100 na ushee, yani ndio betri yako nzima imeondoka hivyo. Na betri ya asidi ikishashuka chini ya nusu, kama volti 12.1 hivi ikiwa imetulia, kila siku inayokaa hapo inazidi kuota chumvi kwenye mabati yake na hairudi tena kama zamani. Kwahiyo swichi unaihitaji kweli, wazo lako ni zuri.

Nyaya_na_Fyuzi
Kuhusu rangi hakuna aliyekosea. Karavani nyingi hasa zilizotengenezwa Marekani waya mweusi ndio chanya na mweupe ndio hasi, sio kama gari ambako mweusi ni hasi. Hapa ndipo watu wengi wanaumia na mimi nimo, nilibadilisha betri jioni giza limeshaingia nikaenda na mazoea ya gari, nikagusisha tu ule mweusi kwenye hasi nikasikia tak, fyuzi mbili za kwenye konvata (ile inayogeuza umeme wa nyumbani kuwa volti 12) zikakata palepale. Nilishukuru Mungu zilikuwepo maana kazi yake ndio hiyo, kukatika pale mtu anapogeuza waya. Tangu siku hiyo siamini rangi, napima na mita kwanza, alafu nazungushia tepu nyekundu kwenye chanya ili hata atakayekuja baada yangu asibahatishe.

Kijana_wa_Spana
Kwanini usifungue tu waya mmoja kila ukipaki, kazi ya dakika mbili, hela ya swichi ununulie kitu kingine

Nyaya_na_Fyuzi
@Kijana_wa_Spana inawezekana mdogo wangu ila vichwa vya betri ni vya risasi, laini, ukifungua na kufunga kila wiki vinalika mpaka waya hazikazi tena. Na siku spana ikigusa chanya na chesisi kwa pamoja utaona shoti yake.

Mama_Safari_Ndefu
Kaka Msafiri kabla hujakata chochote naomba unisome mpaka mwisho, hili ndilo ningependa kila mtu mwenye karavani alijue. Moja ya zile waya mbili nyembamba kwenye chanya inawezekana sana ni ya swichi ya dharura ya breki. Nenda mbele kwenye chesisi, utaona kijiboksi kidogo kina pini, na pini ina kamba ya chuma inayofungwa kwenye gari. Karavani ikichomoka barabarani, kamba inavuta pini, pini ikitoka umeme wa betri ya karavani unaenda moja kwa moja kwenye sumaku za breki na matairi yanakamata. Umeme huo hautoki kwenye gari kwasababu plagi ya gari nayo itakuwa imeshachomoka. Ni ile betri yako tu.

Sasa fikiria umefunga swichi ya kukata, waya wa pini ukaupitisha nyuma ya hiyo swichi, yani upande unaozimika ukikata, alafu siku ya safari umesahau kuiwasha. Gari linavuta vizuri, breki za kawaida zinafanya kazi maana zinapata umeme toka kwenye gari, hakuna kitakachokuambia kuna shida. Ikichomoka pale kwenye mteremko hakuna breki, na nyuma yako kuna gari la mtu na watoto wake.

Kwahiyo waya wa pini ubaki palepale kwenye kichwa cha chanya cha betri, usiuhamishe. Unaohamia kwenye swichi ni ule mnene tu unaoenda ndani.

Msafiri_12V
Dada nashukuru mno, hili sikuwa nalijua kabisa. Nimeenda kuangalia sasa hivi, kweli waya mmoja mwembamba unaenda kwenye kijiboksi chenye pini. Wa pili unaenda kwenye jeki ya umeme ya mbele. Sasa huyu rafiki yangu aliyesema nikate hasi, je nikikata hasi huo waya si utabaki kwenye chanya vilevile?

Mama_Safari_Ndefu
Utabaki ila haufanyi kazi kaka. Sumaku za breki zinarudishia umeme kwenye chesisi, na chesisi inarudi kwenye betri kwa ule waya wa hasi. Ukikata hasi umekata njia ya kurudi ya kila kitu pamoja na breki. Rafiki yako hajakosea kwa gari lake, ila kwa karavani yenye breki za umeme kata chanya.

Breki_za_Kusukuma
Niongezee kwa wanaosoma, karavani za Ulaya nyingi breki zake zinasukumwa na uzito wa karavani yenyewe na ile kamba ya dharura inavuta handibreki, haina uhusiano na betri. Wenye hizo mko salama upande huo ila mengine yote yanawahusu.

MzeeWaTrela
Sawa kabisa dada. Jeki nayo iache kwenye betri ila hakikisha waya wake una fyuzi karibu na betri, utakuja kuishukuru siku unataka kuinua mbele na umeshakata. Sola ukiileta, kontrola yake (kile kiboksi kinachosimamia kuchaji) ifungwe moja kwa moja kwenye betri, nayo na fyuzi yake, hapo ukikata ndani bado jua linachaji. Ukiifunga nyuma ya swichi alafu ukakata, paneli inabaki inasukuma umeme kwenye kontrola isiyo na betri, kontrola nyingine zinaharibika kwa hilo.

Saizi ya swichi inategemea unachoendesha. Kama huna inveta (ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani), swichi ya ampea 100 inatosha. Kama una inveta ya wati 2000 piga hesabu, 2000 gawanya kwa 12 ni karibu 170 na upotevu juu yake, hapo nenda ya ampea 300. Waya kati ya betri na swichi usiwe mwembamba kuliko uliopo, na kile kibreka kidogo kilichopo kwenye waya mnene usikitoe.

Alafu kitu kimoja kinawachanganya wengi, ukikata swichi ukaona taa za ndani bado zinawaka usidhani umekosea, angalia kama plagi ya gari imechomekwa. Ile plagi ina waya wa kuchaji na mara nyingi unaingia nyuma ya swichi, kwahiyo karavani inakula betri ya gari. Chomoa.

Nyaya_na_Fyuzi
Na swichi isikae ndani ya boksi la betri. Betri ya asidi ikichajiwa inatoa haidrojeni na swichi inaruka cheche ukiiwasha. Weka nje ya boksi, ile ya kuzungusha iliyofunikwa nyuma. Hizi za kisu zinazobanwa juu ya kichwa cha betri sizipendi, zinalegea kwa mtikisiko wa barabara. Kuvua anza na hasi, kurudisha malizia na hasi.

Msafiri_12V
MREJESHO wakuu. Jumamosi nimefunga. Mita ilisoma 0.19, Mzee ulipatia. Nimeweka ya kuzungusha ubavuni mwa chesisi, waya mnene tu ndio unapita hapo, wa pini na wa jeki vimebaki kwenye betri, chanya nimezungushia tepu nyekundu.

Baada ya hapo nikajaribu ile pini aliyoieleza dada. Swichi nimeizima, plagi ya gari nimechomoa, nikaishika ile kamba nikavuta. Haikutoka. Imeshika kutu ndani, nimevuta kwa mikono miwili mpaka ikatoka na unga mwekundu. Nikasogeza gari taratibu, karavani ikagoma, matairi yote manne yameganda yanaburuza kokoto. Nimerudisha pini haraka maana sumaku nne zinakula kama ampea 12 na zinapata moto. Nimeshaagiza kijiboksi kipya, hiki siwezi kusafiri nacho tena.

Mama_Safari_Ndefu
Alhamdulillah kaka. Kipya kikija kivute hivyohivyo kabla ya kila safari, na usiku mkilala ndani swichi iwe imewashwa, kengele ya gesi inapita hapo.

Msafiri_12V
Sawa dada, hilo la kengele nimeliandika kwa maka pen pembeni ya swichi. Leo ni wiki ya tatu tangu nifunge, betri nimetoka kuipima, 12.6.