Filamu ya kutisha ya Dar es Salaam ya 1907: makosa yapi yarekebishwe kwanza?

Mkaguzi wa Kinondoni
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kikundi cha vijana wa hapa Kinondoni wameniomba niipitie filamu yao kabla haijatoka. Kisa kinatokea Dar es Salaam mwaka 1907: askari wa Wajerumani anarejea kutoka vita vya Maji Maji, na usiku wa kuamkia Idi el-Fitri kitu alichokiacha Kusini kinamfuata hadi kwa mkewe. Vijana wanaigiza vizuri, lakini makosa ni mengi. Askari anasimulia kwamba amekuja kwa treni ya Tabora, analipa nauli ya mtumbwi kwa shilingi, mkewe anasema ametoka Kariakoo, balbu inawaka na kuzimika juu ya mlango wa nyumba ya makuti, na mwezi mpevu uko angani tangu mwanzo hadi mwisho. Isitoshe, damu iliyo kwenye mkono wa kulia wa kanzu inahamia kushoto katikati ya mazungumzo, kisha inarudi. Fedha zilizobaki zinatosha kurudia sehemu chache tu. Mngeanza na lipi?

Mzizima
Ndugu Mkaguzi, treni, shilingi na Kariakoo ni maneno tu, kwa hiyo rekodini upya sauti na kamera ipumzike. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na Tabora haikufika mpaka 1912. Tena mtu atokaye vitani Kusini ana haja gani na treni? Angepanda meli Kilwa au Lindi, akashuka bandarini. Fedha ya wakati huo ilikuwa rupia, ambayo tangu 1904 iligawanywa katika heller 100. Shilingi ililetwa na Mwingereza mwaka 1921. Kariakoo nayo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, ambao waliutwaa mji Septemba 1916, basi mke aseme ametoka sokoni, yatosha. Balbu iondolewe kabisa, kwa kuwa umeme wa umma uliwekwa mwaka 1908, nao ulihudumia karakana za reli na mitaa ya Wazungu.

Itazame pia bunduki, ambayo hukuitaja. Askari wengi wa wakati ule walibeba Mauser ya muundo wa 1871, iliyopakiwa risasi moja moja na kutoa wingu la moshi kila ilipofyatuliwa. Kwa filamu ya kutisha hiyo ni zawadi: mtu amefyatua, moshi umemziba macho, na anapapasa risasi ya pili bila kujua kama kilicho mbele yake kimeanguka au kinasogea.

Nahodha Mstaafu
Mwezi ndio uanze, na ninashangaa Mzizima ameuruka. Usiku wa kuamkia Idi ni usiku wa mwezi mwandamo: watu wameuona mwembamba kama uzi upande wa magharibi, juu ya bara, jua lilipokwisha kuzama, nao ukatua mapema. Baada ya hapo ni giza totoro. Mwezi mpevu ni wa katikati ya mwezi wa Kiislamu, na hapa kwetu huchomoza kutoka baharini wakati wa magharibi. Mtu yeyote wa pwani, awe wa Tanga au wa Mafia, atacheka, na akishacheka hamumtishi tena.

Halafu kuna bahari. Mwezi unapoandama, maji huwa ya bamvua, yaani hujaa na kupwa kupita kawaida, sawasawa na unapokuwa mpevu, na siku za bamvua hapa Dar es Salaam maji hujaa kiasi cha saa kumi na kupwa kiasi cha saa nne. Kwa hiyo saa nne usiku mtumbwi haumfikishi askari mlangoni. Ateremke mbali, atembee peke yake juu ya matope na majani ya bahari, kandili mkononi, asikie nyuma yake nyayo zinazochota maji.

Mhariri wa Usiku
Kwa heshima zote kwa Mzizima, mtazamaji wa kawaida hajui shilingi iliingia lini, lakini damu inayohama ataiona. Mtu anayetazama filamu ya kutisha hukagua kila pembe ya picha kwa sababu anangoja kitu kitokee. Kiti kikihama katika filamu ya mapenzi ni uzembe wetu. Katika filamu ya kutisha ni jini, na mtazamaji atalingoja jini hilo mpaka mwisho bila kulipata.

Kabla ya kurudia chochote, hebu angalia kama kipande hicho kimegeuzwa ubavu, kama taswira ya kwenye kioo. Wahariri hufanya hivyo ili waigizaji wawili waonekane wanatazamana. Ikiwa ndivyo, kirudisheni kilivyokuwa, nanyi hamtalipa hata senti.

Mkaguzi wa Kinondoni
Ndivyo ilivyo, maana hata kovu la shavuni linahama pamoja na damu. Ahsanteni. Wamekubali kurekodi sauti upya na kuupiga mwendo wa matopeni, ila mpiga picha analalamika kwamba bila mwezi kamera haioni kitu, na kwamba Msasani taa za Masaki zitaingia ndani ya picha.

Mhariri wa Usiku
Kandili ndiyo iwe chanzo cha mwanga. Wafiche taa ndogo ya rangi ya moto ndani yake, upande usioelekea kamera, na kila wanapokata wapige picha ya simu ya mwigizaji mzima, matope yamemfika wapi na kandili iko mkono gani. Matope yatawasumbua kuliko damu.

Nahodha Mstaafu
Waende Kigamboni, kusini mbali na mji, kamera ielekee bahari kuu. Wawahi, wawe wamemaliza ifikapo saa sita usiku, kwa sababu baada ya hapo maji ya bamvua yanaporudi huja kwa kasi na hayamngoji mpiga picha.