Naomba ushauri: Tetairoa McMillan nimchukue raundi ya ngapi?

Wakuu, Jumapili tunagawana wachezaji kwa raundi kwenye ligi yetu ya fantasi ya NFL 2025 (soka la Kimarekani; tunapata pointi kwa wanachofanya wachezaji halisi uwanjani). Kila pasi inayodakwa ina pointi moja. Namtaka sana McMillan, mpokeaji chipukizi aliyechaguliwa wa 8 na Carolina Panthers kwenye drafti ya NFL, yaani timu zinapochagua wachezaji wapya. Mwaka 2024 akiwa chuo, Arizona, alidaka pasi 84 kwa yadi 1,319. Ni mrefu, mipira ya juu anawapokonya mabeki kweli kweli. Shaka yangu ni moja: Bryce Young, mrusha pasi wa Panthers, atamrushia mara ngapi kwa mechi? Kwangu hilo lina uzito kuliko mbio. Mpokeaji Puka Nacua alichaguliwa wa 177 mwaka 2023 lakini akadaka pasi 105 msimu huo, maana timu yake, Rams, walimtafuta kila mara. Raundi ya nne ni mapema mno? Wazoefu nisaidieni.