Kifaru jeshi halikitaki, wabunge wanakinunua: inakuwaje?

Mwana_Wete:
Assalaam alaykum wakubwa. Mwaka 2012 jeshi la nchi kavu la Marekani liliwaambia wabunge kwamba vifaru vya Abrams vilivyopo vinatosha. Congress ikatoa pesa vilevile. Vipi mtu ununuliwe kitu umesema hukitaki? Na kwetu huku Zanzibar, mambo ya namna hiyo yatafutwe wapi kwenye bajeti?

Darajani_Kwetu:
Waalaykumu salaam. Hapo jibu ni ajira. Kiwanda cha Abrams kipo Lima, Ohio, ila vipuri vinatoka kwa wazabuni wadogo waliotapakaa majimbo mengi. Waliotetea walisema kiwanda kikisimama mafundi watatawanyika, na kukifufua ni ghali kuliko kukiacha kiende pole pole. Si hoja ya kipuuzi, lakini aliyeipigia kelele zaidi ni mbunge ambaye wapiga kura wake wanakula pale. Ndege ya kivita F-35 ya Lockheed Martin ndiyo imetandazwa hasa: kazi zake zimo majimbo zaidi ya 40. Kila jimbo lina maseneta wawili, piga hesabu. Halafu watu wenyewe wanahama huku na kule: Mark Esper alikuwa mpiga debe wa kampuni ya silaha ya Raytheon kabla hajawa Waziri wa Ulinzi, na Lloyd Austin, aliyeshika uwaziri 2021, alitoka kwenye bodi ya kampuni hiyohiyo.

Karafuu_Kavu:
Siasa kweli, lakini tizameni na vitu vidogo. Mwaka 2019 Mkaguzi Mkuu wa Pentagon alichambua vipuri 47 vya TransDigm, kampuni ya vipuri vya ndege, akakuta 46 vimepata faida kupita kiasi. Kimoja ni pini ndogo ya chuma: bei ya haki dola 46, jeshi limelipa 4,361. Takriban mara 95!

Mbinu haina uchawi. Kampuni inanunua viwanda ambavyo kila kimoja ndicho pekee kinachotengeneza kipuri fulani. Oda za jeshi ni ndogondogo, kwa hiyo mkataba haufiki kiwango cha kumlazimisha muuzaji aonyeshe gharama zake kwa kiapo. Kiwango hicho kilikuwa dola 750,000, na mwaka 2018 kikapandishwa hadi milioni 2, ndiyo mlango ukazidi kuwa wazi. Afisa ununuzi asiye na hesabu za gharama analinganisha na bei ya mara iliyopita, ambayo nayo ilishavimba. TransDigm ilirejesha dola milioni 16.1.

Mkunazini:
Mwana_Wete, kwanza usiende Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hiyo pesa za JWTZ zinapita Dodoma: fungu 38 Ngome, 39 JKT, 57 Wizara. Baraza la Wawakilishi linapitisha Idara Maalum za SMZ, yaani KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (jeshi la kujenga uchumi), Mafunzo (magereza), Zimamoto na Valantia.

Ukishika vitabu vya bajeti, weka cha maendeleo na cha matumizi ya kawaida pamoja. Chukua boti ya doria: kununua kunakaa kwenye maendeleo, mafuta na matengenezo kwenye kawaida. Injini ya nje inataka huduma kila saa 100: oili, plagi, kutizama impela ya pampu ya maji. Kama boti zimeongezwa mbili na kasma (kifungu cha pesa) ya mafuta imebaki ile ile ya mwaka jana, jua zitafungwa gatini. Tena usitosheke na tarakimu iliyoidhinishwa, tafuta iliyotoka kweli.

Bi_Shangani:
Mmeisahau rada ya kuongozea ndege jamani. BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, iliiuzia Tanzania kwa pauni milioni 28, leseni ya kuuza ikatolewa na serikali ya Blair ilhali waziri wake mwenyewe, Clare Short, anapinga. Wakala wa BAE alilipwa zaidi ya dola milioni 12 katika mkataba wa karibu dola milioni 40, na kwenye vitabu vya BAE malipo yakaandikwa "huduma za kiufundi". Kosa lililofika mahakamani London 2010 halikuwa rushwa, lilikuwa la kumbukumbu za hesabu. Faini pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikaja Tanzania kwa vitabu na madawati.

Mwana_Wete:
Kwa hiyo wakala naye anatafutwa wapi?

Bi_Shangani:
Upande wa muuzaji, ndugu yangu. Kwenye kitabu cha mnunuzi utaona bei moja tu, wakala keshamezwa humo ndani.