Mjadala: Maneno "husafisha ini" yafutwe kwenye dawa lishe?

Mfamasia, Ilala: Kuanzia Kariakoo hadi Mbagala vipaza sauti vinanadi vidonge vya manjano, mlonge na chai ya kijani: "Vinasafisha ini, vinaongeza antioksidanti (kinga ya seli dhidi ya kemikali haribifu)!" Naleta hoja: maneno hayo yafutwe kwenye lebo na matangazo, paandikwe miligramu za kiambata hai, yaani kile kinachofanya kazi mwilini, katika kila kidonge. Ini si chujio la oili, ufungue usuuze. Lina antioksidanti ya kujitengenezea, glutathaioni. Mtu akizidisha parasetamoli hiyo ndiyo inayoisha, na hospitali humpa N-asetilisisteini ili ini liitengeneze upya. Hakuna wodi inayotundika dripu ya mlonge.

Muuza dawa asili, Kariakoo: Mkuu, unatuchapa wote kwa fimbo moja. Manjano yamo kwenye mchuzi wa samaki pwani yote, nani kaugua ini? Na sisi si watu wa vichochoroni, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa sheria ya 2002.

Mfamasia, Ilala: Mchuzi siugusi, ndugu yangu. Kijiko cha chai cha manjano ni kama gramu 3, na kurkumini, kiambata hai chake, humo ni kama asilimia 3, yaani miligramu 90 hivi, na utumbo unafyonza kidogo sana. Kidonge kimoja mara nyingi kina miligramu 500 za kurkumini iliyokamuliwa, halafu wanaongeza piperini, kile kikali cha pilipili manga. Jaribio la 1998 lilitumia gramu 2 za kurkumini na miligramu 20 za piperini, ufyonzwaji ukapanda kwa asilimia 2,000. Hilo wauzaji wanalisema kwa majivuno. Wasilolisema ni kwamba piperini hiyohiyo inachelewesha ini kuvunja dawa nyingine, fenitoini ya kifafa ikiwemo. Watafiti wa Marekani wameeleza wagonjwa 10 walioumia ini kwa dawa lishe za manjano: 5 walilazwa, 1 alifariki.

Mtaalamu wa maabara, Upanga: Lebo sawa, lakini anayemeza apime ALT na AST, vimeng'enya vinavyopanda kwenye damu ini likiumia, kabla ya kuanza, arudie baada ya wiki 4 hadi 8. Wiki nzima kabla ya kipimo asinyanyue vyuma, maana AST hutoka hata kwenye misuli na majibu yatadanganya. ALT ikifika mara 5 ya kikomo cha juu cha maabara, au mara 3 pamoja na macho ya njano, kidonge kinasimama siku hiyohiyo na mtu anaenda hospitali. Kinachoua ni ule ushauri wa mtaani: mkojo umekuwa kama chai ya rangi, mteja anaambiwa "sumu inatoka", anaongezewa dozi.

Mkemia wa chakula, Ubungo: Mmesahau unga wenyewe. Bangladesh manjano yalikutwa yamechanganywa na kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya sumu, ili yang'ae. Nunua vipande vizima, osha, kausha, saga. Na kwa ini la Mtanzania sumukuvu ya mahindi na karanga inanitisha kuliko vidonge vyote hivyo: 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kikomo chake Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Punje zenye ukungu huziokoi kwa kuchemsha ugali.

Muuza dawa asili, Kariakoo: Chai ya kijani nakubali iwekewe kikomo. Ulaya tangu 2022 dozi ya siku lazima iwe chini ya miligramu 800 za EGCG, kiambata hai cha chai hiyo, wekeni na hapa. Ila mkifuta maneno kabisa, biashara inahamia WhatsApp na hamtaiona tena. Na ili kuandika hizo miligramu lazima kupima kila mzigo, nani analipa? Mwenye meza moja hawezi.

Mfamasia, Ilala: Alipe anayekamua na kufungasha, si mwenye meza. Wewe uuze chenye namba ya toleo tu. Na mteja muulize kwanza kama yuko kwenye dawa za TB: isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zinalielemea ini. Akisema ndiyo, usimuuzie.